Sola na bustani kwenye nyumba ya Dodoma, kwa hela ya kudunduliza

Hapa Dodoma jua lipo la kumwaga, shida yetu ni maji na vumbi. Mvua inaanza Disemba, Aprili imekata, halafu ndo basi tena mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo ukitaka kufunga sola na kulima mboga nyumbani, vipange pamoja, utaona huko mbele kwa nini.

Anza na kalamu kabla ya duka. Mimi nilikurupuka, muuzaji mmoja akaniambia paneli ya wati 100 inabeba kila kitu mpaka friji, nikalipa, saa 2 usiku siku hiyo hiyo tuko gizani tunatafuta mshumaa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne tu, chukua wati za kifaa zidisha na masaa unayokitumia: taa 5 za wati 7 kwa masaa 5 ni 175, TV ya wati 45 masaa 5 ni 225, feni ya wati 50 masaa 6 ni 300, simu weka 40, jumla wati-saa 740 kwa siku. Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye 100Ah (Ah ni amp-saa, zidisha na volti) inashika kama wati-saa 1,200, hapo uko salama. Ila ukichukua ile ya asidi ya ukubwa huo huo, hesabu nusu tu, ukiikausha kila usiku inakufa mapema. Paneli chukua wati 250 hivi maana kuna kinachopotea njiani. Pasi, friji na jiko la umeme waachie umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwanza, usijitese.

Kufunga sasa. Tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iangalie kaskazini, na usiilaze kabisa, iinue kidogo ili maji na vumbi viteleze. Angalia kivuli! Yangu ilikuwa inaguswa na tawi moja la mwarobaini, kona tu, nikawa nalaumu betri wiki nzima, kumbe kivuli cha pale kinashusha paneli nzima. Nikakata tawi, mambo yakakaa sawa. Waya wa kwenye betri uwe mnene na mfupi, fundi aunge betri kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) kwanza ndo paneli ifuate, na betri ya asidi usiiweke chumbani mnakolala.

Vumbi nalo kiangazi ukikaa wiki 2 bila kuosha paneli inakuwa rangi ya biskuti. Osha asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kitambaa laini na maji, steelwire usiguse. Na hapa ndo bustani inaingia: paneli yangu iko chini kiasi, pale maji yanapodondokea nimepanda mpapai, haujawahi kumwagiliwa kwa ndoo siku ya kuosha.

Maji ya bati usiyaache yaende barabarani. Milimita 1 ya mvua kwenye bati la mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 60 likipata mvua ya milimita 30 usiku mmoja, ukitoa inayorukia pembeni, unabaki na lita 1,400 na kitu. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, geuza bomba, ya pili ndo ikinge. Tangi lifunikwe na tundu la kuingizia liwe na neti, mbu wasije wakahamia.

Mboga za majani mimi nazipanda kuzunguka chungu. Unachukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, unakizika mpaka shingoni, unajaza maji, unafunika na kisahani. Maji yanapenya taratibu kwenye udongo na mizizi inakuja yenyewe kunywa, mchicha wangu unakaa siku 3 au 4 ndo naongeza. Juu ya udongo tandaza majani makavu au pumba nene, ukifukua saa 8 mchana kwa kidole utakuta chini bado kuna ubaridi. Maji ya kufulia yapeleke kwenye migomba na mipapai, mchicha usiumwagie, na yale yenye jiki yamwage mbali kabisa na mimea.