Somo: kupima mfuko wa ufizi kwa wino, mwanga na sauti

Wanakikundi, juzi mama mmoja alinishika mkono hata sijamgusa. "Daktari, si kile kichuma tena!" Sikumlaumu. Kipimo chetu ni kijiti chembamba chenye alama za milimita, tunakipenyeza kwenye mfuko, yaani ule mwanya kati ya jino na ufizi, sehemu 6 kwa kila jino, kuona una kina gani. Milimita 1 hadi 3 haitutishi. Kuanzia 4 tunakunja uso. Ila mimi nikibonyeza kwa nguvu na mwenzangu taratibu, mfuko mmoja unatupa namba mbili.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha njia nyingine.

Hatua ya kwanza ni rojo. Wino wa ngisi, ule unaoliwa, unachanganywa na maji na wanga wa mahindi, kisha unapitishwa kinywani hadi uingie mifukoni. Kinachotafutwa humo ni melanini, rangi nyeusi inayofyonza mwanga vizuri sana.

Ya pili, leza inamulikwa kwa vipigo vifupi mno. Hapa ndipo penye utamu. Asubuhi ya Julai, baridi imelala usiku kucha, jua likipiga paa la mabati unasikia ta! ta! Bati limepata joto, limetanuka, limealika. Chembe za melanini nazo hivyo hivyo, ila mlio wake sikio halifikii. (Alexander Graham Bell aligundua mwaka 1880 kwamba mwanga unaweza kutoa sauti. Si simu tu.)

Ya tatu, kipokezi cha altrasaundi, ndugu wa kile cha kliniki ya wajawazito, kinasikiliza. Penye wino panalia, pasipo wino kimya, na kompyuta inachora mfuko mzima, si nukta 6 tu.

Halafu unasuuza kwa maji. Basi.

Walijaribu kwenye taya za nguruwe, kwa hiyo msije Jumatatu kuniuliza wino uko wapi.

MASWALI

Wa Kayole: Kwani eksirei haitoshi?
Eksirei inaonyesha mfupa ulioliwa, yaani hasara imeshaingia. Mfuko ni nyama, haujichori pale.

Wa Kawangware: Huo wino hautaniacha na meno meusi?
Unatoka kwa maji. Shida ni ladha, chumvi na uchungu. Watafiti wenyewe walisema wanataka kuirekebisha.

Wa Umoja: Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, lakini haziumi. Mzee wangu anavuta sigara na zake hazitoki hata tone. Ananicheka.
Dada, ugonjwa wa fizi hauumi mpaka ukomae. Usipakwepe panapotoka damu, pasugue polepole kwa mswaki laini. Na mzee asicheke: sigara inapunguza damu kwenye fizi, zinanyamaza huku mfupa unaliwa. Njooni wote wawili. Yeye ndiye nitaanza naye, kwa kichuma kile kile.