Jinsi ya Kumtambua Mgomvi, Hata Kama ni Wewe Mwenyewe

Kabla ya kumwita mtu mgomvi, yatenganishe kwanza maneno yanayochanganywa kila siku. Mkali hukaripia, kisha hunyamaza. Mbishi hung'ang'ania hoja yake, lakini ukimwonyesha ushahidi huenda akakubali. Mgomvi ni mtu wa namna nyingine, kwa kuwa jambo lililomkasirisha likiisha yeye bado hutaka kelele ziendelee, na ndiyo maana huitwa pia mshari, yaani mpenda shari. Lugha yenyewe inatusaidia hapa: mtu anaweza kugomba peke yake, lakini hawezi kugombana bila mwenziwe, na mgomvi kila kukicha humtafuta huyo wa pili.

Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Umeme umekwisha saa 2 usiku, na mpangaji mmoja analalamika kwamba mwenzake hupiga pasi kila siku ilhali mchango ni sawa kwa wote. Lalamiko hilo ni la haki, na dawa yake ni hesabu: kila chumba kitaje vifaa vyake, na mwenye pasi na jokofu aongeze fedha. Hesabu ikishakubaliwa, subiri siku tatu. Aliyekuwa na lalamiko tu atakuwa ametulia. Mgomvi atakuwa amehamia kwenye kamba ya kuanikia nguo, kisha kwenye ndoo iliyoachwa bombani, huku akifukua na ya mwaka jana. Sababu zinapobadilika na sauti ikabaki ileile, hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Jipime nawe kwa kipimo hicho hicho. Jiulize kama utaridhika ukipewa sasa hivi kile unachokidai. Ukiona moyo wako umesononeka kwa sababu mwenzako ameomba radhi mapema mno, kabla hujamaliza uliyoyapanga kumwambia, basi ujue ulichokuwa ukikitaka ni ugomvi. Nyamaza, kanywe maji, na utafute kilichokuchoma kabla ya hapo, kiwe deni au dharau uliyoimeza kazini.

Ukiishi na mgomvi, usimjibu mbele za watu, kwa maana hadhara humtia ari. Mwite faraghani asubuhi, mzungumze jambo moja tu. Ikishindikana, nendeni kwa wazee, au kwa Tanzania kwenye Baraza la Kata, chombo cha usuluhishi kilichowekewa sheria yake mwaka 1985, na huko taja tendo na siku lilipotendeka bila kumwita mwenzako mgomvi.

Neno hilo, kwa kweli, hutupwa ovyo, hasa kwa wanyonge wanaodai haki. Mama anayeulizia fedha za matunzo ya mtoto kwa mara ya tano huitwa mgomvi na ukoo mzima. Mpeni kwanza fedha zake zote, kisha msikilizeni kama bado anagomba.