Jinsi ya Kukusanya na Kutunza Majalada ya Zamani ya The Saturday Evening Post

Jarida hili la Marekani linamfaa anayeanza. Lilichapwa kwa mamilioni, kwa hiyo nakala bado zinapatikana, na wachoraji wake walikuwa mabingwa.

1. Chagua eneo dogo. Mchoraji mmoja au muongo mmoja unatosha. Norman Rockwell (aliyelichorea jarida hili 1916 hadi 1963) ni ghali kwa sababu ya jina. J.C. Leyendecker alichora majalada 322, na majalada yake ya Mwaka Mpya yenye picha za vichanga ni seti nzuri mno.

2. Hakiki kabla ya kulipa. Omba picha ya upande wa nyuma. Jalada halisi lina maandishi au tangazo nyuma. Likiwa jeupe, ni nakala ya kisasa. Ukilipata mkononi, tumia lenzi ya kukuza mara 10. Uchapaji wa zamani huonyesha nukta zilizojipanga safu kwa safu, nyingi zikiwa na ukingo mweusi zaidi, pale bamba la chuma liliposukuma wino pembeni. Printa ya wino ya leo hutawanya chembe ovyo. Tazama na tarehe: jalada la kwanza la Rockwell lenye rangi kamili lilitoka 6 Februari 1926. La mwaka 1919 lenye bluu na kijani limepakwa rangi baadaye.

3. Toa jalada bila kulichana. Fanya hivi kwa toleo lililoharibika ndani tu. Toleo zima liache zima, tafadhali. Fungua kurasa za katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu chembamba, kisha nyanyua karatasi ya nje. Jalada la mbele na la nyuma ni karatasi moja: usilikate, likunje nyuma na uweke karatasi isiyo na asidi katikati. Lebo ya anwani iache, maana ukiibandua huondoka na wino.

4. Safisha pakavu, kwa brashi laini. Palipochanika, bandika kwa nyuma karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano. Selotepu hapana kabisa: gundi yake huzama kwenye karatasi, ikawa kahawia, na haitoki tena.

5. Weka kwenye fremu. Kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, hutenga picha na kioo. Bila hiyo unyevu hugandisha wino kwenye kioo. Shikiza ukingo wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ile ya Kijapani. Karatasi hutanuka na kusinyaa, na ukiibana pande zote hufanya mawimbi. Kioo kiwe cha kuzuia miale ya urujuanimno. Kwa Mombasa au Dar es Salaam, tundika ukuta wa ndani na ubandike vipande vya mpira nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Majalada mengine yalaze bapa ndani ya mifuko ya poliesta. Plastiki yenye harufu ya pazia jipya la bafu ni PVC. Irudishe dukani, kwa sababu hutoa asidi na kunata kwenye wino.