Namna ya Kuchagua Gari la Spoti Lililotumika kwa Bei Nafuu Unapoanza

Mtu anaponiomba nimkagulie gari la spoti kabla hajalipa, swali lake la kwanza huwa ni nguvu za farasi na la mwisho huwa ni spea. Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo. Umeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Tanzania au nchi jirani ambaye tayari ana usafiri wa kila siku, na sasa anataka gari la pili la kuendesha Jumapili asubuhi na la kujifunzia ufundi bila kufilisika. Msimamo wangu ni kwamba gari la kwanza la namna hii lichaguliwe kwa uzima wake na kwa upatikanaji wa vipuri vyake, na kwamba gari lenye injini ya kawaida ambayo haijachezewa ni bora kuliko gari lenye turbo lililokwisha kupita kwenye mikono ya vijana watano.

Hatua ya kwanza: gawa fedha kabla ya kuangalia picha

Chukua jumla ya fedha ulizonazo, kisha tenga theluthi moja usiiguse wakati wa kununua. Theluthi hiyo itakwenda kwenye tairi, mkanda wa taimingi, bushi, shokapu, pedi za breki, bima na gharama za kubadilisha umiliki. Gari la spoti la miaka 20 linalouzwa kwa bei ya chini karibu kila mara linauzwa wakati ambapo matengenezo hayo yote yamefika kwa pamoja, na mwenye gari ameamua kuwa mnunuzi ndiye atakayeyalipia. Asiye na akiba ataliegesha gari miezi mitatu baada ya kulinunua, na gari lililoegeshwa huharibika haraka kuliko linalotembea.

Amua pia kama utaagiza kutoka Japani au utanunua lililopo nchini. Sheria zinatofautiana, na zinaathiri moja kwa moja modeli unazoweza kuzipata. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda, tangu mwaka 2018, inazuia gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania inaruhusu magari ya zamani zaidi, ila inayatoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, na kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kitakuonyesha kodi ya modeli unayoitaka kabla hujatuma hata shilingi moja. Fanya hesabu hiyo kwanza, kwa sababu si ajabu kukuta kodi inaikaribia au kuizidi bei ya gari lenyewe. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza napendekeza gari lililopo nchini. Utaliwasha, utalala chini yake na kuliangalia, na utaliendesha, mambo ambayo picha za mtandaoni haziwezi kukupa.

Hatua ya pili: chagua modeli kwa kufuata maduka ya spea

Kabla ya kuipenda modeli yoyote, nenda Gerezani, Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga kama uko Nairobi, ukaulize bei ya vitu vitano: mkanda wa taimingi, seti ya klachi, shokapu za mbele, taa ya mbele na kioo cha mbele. Vitu vitatu vya kwanza hupatikana kwa magari mengi, kwa kuwa viwanda vingi huvitengeneza. Taa na kioo ndivyo vinavyowaumiza watu, kwa sababu modeli iliyouzwa kwa uchache nchini haina gari la kukatwakatwa spea, na taa moja inaweza kusubiri meli.

Kwa kipimo hicho, Toyota Altezza inashinda kwa mbali katika eneo letu. Ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina milango minne, na imejaa katika barabara zetu kiasi kwamba spea zilizotumika hazikosekani. Hapa inafaa kusoma namba ya chesisi kwa makini. Namba inayoanza na SXE10 ni ya RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda 4, nguvu za farasi 210 ikiwa na gia za mkono na 200 ikiwa otomatiki. Namba inayoanza na GXE10 ni ya AS200, yenye injini ya 1G-FE ya silinda 6 na nguvu za farasi 160. Wapo wauzaji wanaobandika nembo ya RS200 nyuma ya AS200 na kupandisha bei, na nembo hizo zinauzwa waziwazi madukani. Kwa anayeanza, AS200 si gari la kudharauliwa hata kidogo: injini yake ni tulivu na mafundi wanaifahamu. Injini ya 3S-GE ni tamu zaidi, lakini iliundwa kwa petroli ya daraja la juu, na injini nyingi zilizochoka hugongagonga kwa sekunde chache baada ya kuwashwa kutokana na kulegea kwa gia ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa kufunguka kwa valvu. Jihadhari pia na Altezza iliyopandikizwa injini nyingine. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inapendeza, ila mara nyingi nyaya huunganishwa ovyo, na namba ya injini hailingani na ile iliyo kwenye kadi ya usajili wa gari.

Mazda MX-5, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Roadster kuanzia mwaka 1989, ndiyo gari ambalo ningelichagua mwenyewe kwa ajili ya raha ya kuendesha. Gari la kizazi cha kwanza lina uzito wa takriban kilo 950 tu, kwa hiyo tairi na breki hudumu, na injini ya lita 1.6 inatosha kabisa. Adui yake ni kutu. Vishimo vya kutolea maji ya mvua vilivyo nyuma ya milango huziba kwa majani na vumbi, maji hukaa ndani ya vizingiti, na kizingiti huoza kuanzia mbele ya gurudumu la nyuma. Kwa magari yaliyoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ina chumvi, bonyeza eneo hilo kwa kidole gumba. Chuma kikinepa, achana nalo, kwa kuwa kazi ya kuchomelea itazidi bei uliyopunguziwa.

Toyota Celica ya kati ya mwaka 1999 na 2006 ni nafuu na ina umbo zuri, ingawa inavutwa na magurudumu ya mbele. Injini yake ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo inajulikana kwa kula oili, hivyo kipimo cha oili ndicho kitu cha kwanza kukivuta.

Kuhusu Subaru Impreza WRX najua nitapingwa, hasa na wasomaji wa Nairobi. Ni gari zuri, lakini si la kwanza. Turbo, mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, na historia ya kuendeshwa kwa fujo huungana kufanya ukaguzi kuwa mgumu kwa mtu asiye na uzoefu, na injini ya EJ20 ikishanoki, gharama ya kuifungua inaweza kulingana na bei ya Celica nzima. Toyota 86, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ni chaguo la busara kwa mwenye bajeti kubwa zaidi, na kwa Mkenya anayetaka kuagiza ni miongoni mwa magari machache ya spoti ya bei ya wastani yanayopita kwenye kikomo cha umri.

Hatua ya tatu: soma karatasi kabla ya kusoma gari

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, kisha namba ya injini vivyo hivyo. Tanzania, hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye kadi na uangalie faini za barabarani kwa namba ya usajili. Kenya, fanya utafutaji wa umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya nchi hiyo. Muuzaji anayesema kadi iko kwa kaka yake asubiriwe hadi kaka yake afike.

Kama gari limeingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 3.5 ni ya gari la kawaida lililotunzwa, na R au RA humaanisha kuwa gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S na C ni kutu, na XX ni paneli iliyobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Karatasi hizo hughushiwa, hivyo ichukue kama dira ya kukuonyesha pa kuangalia.

Hatua ya nne: likague likiwa baridi, mchana, bila haraka

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, panga siku nyingine, maana injini iliyopashwa huficha moshi, kelele na tabu ya kuwaka.

Anza na bodi. Simama kwenye pembe ya gari, utazame ubavu wake kwa mstari dhidi ya mwanga wa jua. Mawimbi yatakuonyesha palipojazwa puti, yaani kijazio cha kusawazisha bodi, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itathibitisha, kwa sababu haishiki vizuri juu ya puti nene. Tazama bolti za madigadi na za boneti: bolti yenye rangi iliyochubuka pembeni imewahi kufunguliwa, na muuzaji anapaswa kuwa na maelezo. Halafu tafuta dalili za mafuriko, jambo ambalo jijini Dar es Salaam si la kupuuza. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho utafute mstari wa tope, inua zulia, kisha pitisha kidole kwenye reli za viti. Gari lililoegeshwa kivulini halipati kutu ya kahawia chini ya kiti bila sababu.

Kwenye injini, fungua kifuniko cha oili. Utando wenye rangi ya chai ya maziwa pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta ni ishara ya gasketi ya silinda hedi. Washa ufunguo bila kuwasha injini na uhakikishe kuwa taa ya injini inawaka kwenye dashibodi kisha inazimika gari likishaungurumishwa. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeng'olewa ili kuficha hitilafu. Mwombe mtu akanyage mafuta huku wewe ukiwa nyuma: moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Kuhusu mabadiliko: springi zilizokatwa kwa grainda, eksozi lisilo na katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) na filta ya hewa ya wazi iliyofungwa kwa nyaya ni sababu za kuondoka. Rimu nzuri na shokapu za kampuni inayojulikana zinavumilika, hasa kama muuzaji amehifadhi vya asili na anavitoa pamoja na gari.

Hatua ya tano: liendeshe

Weka gia ya nne gari likiwa kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Shusha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili mara kadhaa, usikilize kama inakwaruza, kwa kuwa gia ya pili ndiyo huchoka kwanza kwenye magari yaliyoendeshwa kwa pupa. Achia mafuta kisha kanyaga tena: mlio wa kuvuma kutoka nyuma, unaobadilika kulingana na mafuta, unatoka kwenye difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Funga breki kwa nguvu mahali salama, mikono ikiwa imegusa usukani kidogo tu. Gari likivuta upande mmoja, chanzo kinaweza kuwa breki, bushi au chesisi iliyopinda, na hapo lipeleke kwenye jeki kabla ya kuzungumzia bei.

Hatua ya sita: lipa, kisha liandae

Andika kasoro zote ulizoziona pamoja na bei zake za dukani, na jadiliana ukiwa na orodha hiyo mkononi. Lipa kupitia benki, kwa mkataba wenye namba ya chesisi, na usimalizie malipo kabla taratibu za kubadilisha umiliki hazijaanza.

Kabla ya safari yoyote ndefu, badilisha oili na filta, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na, kwa injini inayotumia mkanda wa taimingi badala ya mnyororo, mkanda huo pamoja na pampu ya maji kama hakuna ushahidi wa maandishi kuwa vilibadilishwa ndani ya kilomita 100,000 zilizopita. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye umri unaozidi miaka 6 litolewe hata kama kashata zake ni nzima, kwa kuwa mpira mkavu huteleza kwenye kona yenye maji. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili hiyo mpya, kata filta kwa msumeno mdogo na ukunjue karatasi yake juani. Ukiona chembe zinazong'aa kwa rangi ya shaba, beringi zimeanza kuisha, na gari lisikimbizwe tena hadi injini ifunguliwe.