Namna ya Kuchambua Haiba ya Mhusika wa Filamu: Mfano wa Michael Corleone

Aliyesoma fasihi sekondari anaifahamu kazi ya kutaja sifa za mhusika: ni jasiri, ni mlafi, ana mapenzi ya dhati, na kila sifa hufuatwa na mfano mmoja kutoka kitabuni. Mifumo ya aina za haiba inadai zaidi ya hapo, kwa kuwa haitosheki na orodha ya sifa bali hutafuta chanzo kinachozizaa. Ndiyo sababu inawavutia watazamaji wa filamu, na ndiyo sababu pia hutumiwa ovyo: mtu humwona mhusika kimya na mwenye akili, humbandika herufi nne, kisha uchambuzi ukaishia hapo. Mwongozo huu unamtumia Michael Corleone, mtoto wa mkuu wa genge la mafia huko Marekani, katika filamu ya The Godfather, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola mwaka 1972, pamoja na sehemu yake ya pili ya mwaka 1974. Al Pacino ndiye aliyemwigiza katika zote mbili. Huyu ni mhusika duara, yaani mwenye pande nyingi, kwa maana kamili ya neno hilo, na mhusika bapa, mwenye upande mmoja tu, hahitaji mfumo wowote ili aeleweke.

Anza kwa kujua kila mfumo unauliza swali gani, maana kosa la kawaida ni kuuliza mmoja swali la mwingine. Mfumo wa Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliojenga juu ya kitabu alichokitoa Carl Jung mwaka 1921, unauliza jinsi mtu anavyopokea habari na jinsi anavyoamua, na majibu yake ndiyo huzaa aina 16 zenye herufi nne nne. Eneagramu, ambayo sura yake ya sasa ilitokana na kazi ya Óscar Ichazo na Claudio Naranjo, ina aina tisa na huuliza mtu anaogopa nini na anatamani nini. Mfumo wa Sifa Tano Kuu, unaotumiwa zaidi na watafiti wa saikolojia, haugawi watu katika aina. Unapima kiasi cha uwazi kwa mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, upole kwa wengine na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kwa maoni yangu, Eneagramu ndiyo inayomfaa zaidi mchambuzi wa filamu, kwa sababu filamu nzuri hujengwa juu ya hofu na matamanio. Sifa Tano Kuu zina msingi imara zaidi wa kisayansi, lakini zinaeleza mhusika yukoje bila kueleza kwa nini.

Baada ya hapo itazame filamu ukiwa na karatasi, na uandike maamuzi ya mhusika kabla ya kuandika tabia zake. Uamuzi unaostahili kuandikwa ni ule ambao mhusika angeweza kuufanya kwa namna nyingine na ambao unamgharimu kitu. Kwa Michael, maamuzi ya aina hiyo hayazidi kumi, na matatu kati yake yanatosha kuonyesha kazi inavyofanyika.

La kwanza ni pale nyumbani, baada ya baba yake kupigwa risasi na yeye mwenyewe kuvunjwa taya na kapteni wa polisi. Kaka yake Sonny anafoka na kuzunguka chumbani, Tom Hagen, mwanasheria wa familia aliyelelewa nao, anashauri subira, na Michael amekaa kwenye kiti huku kamera ikimsogelea polepole. Anapendekeza amuue Sollozzo, mfanyabiashara wa dawa za kulevya aliyepanga shambulio dhidi ya baba yake, pamoja na kapteni huyo. Wenzake wanacheka, naye anaendelea kupanga hoja moja juu ya nyingine: mkutano ufanyike mahali pa wazi, silaha ifichwe huko mapema, na wanahabari wanaolipwa na familia waandike habari za polisi mla rushwa aliyejiingiza katika biashara ya dawa za kulevya. Anasisitiza kwamba hilo si suala la kibinafsi, ni biashara. Hoja ya magazeti ndiyo yenye uzito kwa mchambuzi. Sonny anaona kisasi, Hagen anaona hatari ya kuua polisi, lakini Michael anaona tendo hilo litakavyosomeka baada ya kufanyika. Huo ni ushahidi wa herufi N, yaani mtu anayeshika maana na mwelekeo wa mambo kabla ya mambo yenyewe, na wa herufi T, anayeamua kwa hoja.

Hata hivyo, usimpe Michael herufi ya I, yaani mtu anayejielekeza ndani kuliko kwa watu, kwa sababu tu ni kimya. Ukimya katika familia hiyo ni sheria: baba yao, mzee Vito, anamkemea Sonny kwa kumwonyesha mtu wa nje anachowaza, na anayelelewa katika nyumba ya namna hiyo hujifunza kufunga mdomo hata kama kwa asili ni mchangamfu. Kila mara jiulize kama unachokiona ni haiba ya mhusika au ni desturi ya waliomlea, hasa filamu inapohusu jamii isiyo yako. Ushahidi wa kufaa zaidi upo kwenye harusi ya dada yake, mwanzoni mwa filamu. Wageni wanacheza na kuimba, naye amejitenga mezani na Kay, mpenzi wake ambaye baadaye atakuwa mkewe, akimsimulia waziwazi jinsi baba yake alivyomtisha kiongozi wa bendi. Hapo hafichi chochote, ila amechagua mtu mmoja badala ya umati. Kwa hiyo I inakubalika, lakini kwa sababu sahihi.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi: tafuta tukio linalopinga jibu lako. Tuseme umekwisha kuandika kwamba Michael hana wasiwasi hata kidogo, na ushahidi wako ni usiku ule hospitalini, anapomwashia sigara Enzo mwoka mikate ambaye mikono yake inatetemeka, ilhali ya kwake imetulia. Sasa mtazame mgahawani, kwenye mkutano na Sollozzo na kapteni. Ameelekezwa atoke msalani, ambako bastola imefichwa, na kufyatua risasi papo hapo. Badala yake anarudi kuketi, macho yanahangaika, sauti ya treni inazidi kupanda, na ndipo anainuka. Hofu anayo. Anachokuwa nacho zaidi ya wengine ni uwezo wa kutenda hofu ikiwa imejaa. Sentensi hiyo ni bora kuliko ile ya kwanza, na usingeipata kama ungeridhika na tukio la hospitali.

Kwenye Eneagramu, ushahidi mmoja hukubali aina kadhaa, hivyo shindanisha aina hizo kwa kuuliza kila moja ingefanya nini mahali palepale. Michael anaweza kudhaniwa aina ya 5, mwenye kujilinda kwa maarifa na kujitenga, au aina ya 8, anayeogopa kuwekwa chini ya mamlaka ya mwingine. Hapa ndipo unapofaa uamuzi wa pili kati ya yale matatu. Katika sehemu ya pili ya filamu, kaka yake Fredo amemsaliti, ameshatubu na hana nguvu tena ya kumdhuru mtu. Mtu wa 5 angekata uhusiano na kuondoka. Michael anasubiri mama yao afe, kisha anaamuru Fredo auawe. Usaliti kwake si hatari ya kukwepwa, ni deni. Pia kuna tukio ambapo Kay anamwambia kwamba mimba yao haikuharibika bali aliitoa kwa makusudi, naye anampiga usoni: ubaridi wote unavunjika pale anapogundua kwamba uamuzi mkubwa umefanywa bila yeye. Mimi nachukua aina ya 8. Wafuasi wa Eneagramu wanafundisha kwamba 8 akilemewa huchukua mwenendo wa 5, na hilo linaeleza upweke wa miaka yake ya mwisho katika sehemu hiyo kwa namna ambayo kinyume chake hakiwezi.

Linabaki swali la mabadiliko, kwa sababu wengi hudai kwamba Michael wa mwanzo na wa mwisho ni aina mbili tofauti. Kabla ya kukubali, linganisha namna ya kuamua, si matendo. Uamuzi wa tatu upo karibu na mwisho wa sehemu ya pili, tunaporudishwa Desemba 1941, siku ya kuzaliwa ya mzee Vito. Ndugu wamekaa mezani na Michael anatangaza kwamba amejiunga na kikosi cha Marines cha jeshi la Marekani. Hakumwuliza yeyote. Sonny anawaka, Hagen anamkumbusha kwamba baba alikuwa na mipango juu yake, naye anajibu kwamba ana mipango yake mwenyewe. Ni Fredo peke yake anayempa mkono wa pongezi. Kijana huyu anayeikimbia himaya ya baba yake anaamua vilevile kama yule atakayeitawala: anaamua peke yake, anatangaza baadaye, na hayumbishwi na hasira za wengine. Kilichobadilika ni kitu anachokilinda.

Unapoandika hitimisho, taja aina, tukio linaloibeba, na tukio ambalo bado linakusumbua. Kwa Michael ningeandika hivi: INTJ (J ni mtu anayependa mambo yaamuliwe na kupangwa mapema) na aina ya 8, uwajibikaji wa juu sana, upole wa chini sana, uthibitisho mkuu ni meza ya mwaka 1941, kikwazo ni Sicily, kisiwa cha Italia alikokimbilia baada ya mauaji ya mgahawani, ambako anamwona msichana Apollonia njiani na kutaka kumwoa karibu mara moja, uamuzi wa haraka ambao hakuna herufi hata moja kati ya hizo nne inayoueleza vizuri.