Somo: Kudai fidia Marekani ukiugua kwa nyama ya ng'ombe yenye bakteria

Wakuu, somo hili ni la walioko Marekani, maana sheria nitakazozitaja ni za huko. Wengi wakiugua huanza kutafuta wakili, hospitali inafuata baadaye. Ni kinyume. Kesi ya nyama huamuliwa maabara kabla haijamfikia jaji, na ukizembea siku za mwanzo, hata wakili bingwa atakosa pa kushika.

Hatua ya 1: Choo kipimwe, tena mapema

Ukiharisha damu, au tumbo likakusokota siku kadhaa, nenda hospitali na uombe kipimo cha choo. Uliza wazi kama wanapima bakteria wa E. coli anayetoa sumu iitwayo Shiga, ambaye aina yake maarufu ni O157:H7. Sampuli itolewe kabla ya antibayotiki yoyote. Kwanza, dawa ikishaua bakteria, ushahidi umekwenda. Pili, na hili ni kubwa kuliko kesi: kwa ugonjwa huu antibayotiki na dawa za kufunga kuharisha kwa kawaida hazishauriwi, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Msijinunulie dawa dukani. Mtoto akipauka, akakojoa kidogo, akalegea, hasa wiki moja hivi tangu aanze kuharisha, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hospitali nyingi siku hizi hutumia kipimo cha haraka kinachosema tu "bakteria yupo". Kwa matibabu kinatosha, ila kwa kesi hakitoshi. Omba sampuli ioteshwe, bakteria mwenyewe apatikane, kisha apelekwe maabara ya afya ya jimbo. Huko husomwa vinasaba vyake na kulinganishwa na vya wagonjwa wengine nchi nzima kupitia mtandao wa maabara uitwao PulseNet, ulioanza 1996. Vinasaba vyako vikifanana na vya bakteria waliokutwa kwenye nyama ya kampuni fulani, kampuni hiyo inabaki na hoja chache sana.

Hatua ya 2: Usitupe nyama

Iliyobaki iweke kwenye friza pamoja na pakiti yake, andika "usile", na usioshe kitu. Piga picha lebo. Tafuta alama ya ukaguzi yenye herufi EST na namba, maana namba hiyo ndiyo inayotaja kiwanda. Kama nyama ilisagwa dukani, namba inaweza isiwepo. Hapo risiti, taarifa ya benki au kadi ya wateja wa duka vitaonyesha siku uliyonunua. Tangu 2016 maduka yanayosaga nyama yanatakiwa kuandika ilikotoka kila nyama waliyosaga, lakini kumbukumbu hizo hutunzwa mwaka mmoja tu. Ndiyo maana wakili mzuri huandika barua mapema kutaka zisiharibiwe.

Hatua ya 3: Ongea na idara ya afya

Watakupigia simu wao wakishapata majibu ya maabara. Wajibu, hata kama maswali ni marefu. Andika mapema ulichokula siku kumi kabla ya kuugua, maana E. coli hii mara nyingi huchukua siku tatu hadi nne kujitokeza. Watu hupenda kulaumu mlo wa jana usiku, na mara nyingi mlo huo hauna hatia.

Hatua ya 4: Jua sheria iko upande gani

Mwaka 1993 baga za migahawa ya Jack in the Box ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na watoto wanne wakafa. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba nyama ya kusaga yenye O157:H7 ni bidhaa iliyochafuliwa, hairuhusiwi kuuzwa. Kuanzia 2012 aina nyingine sita za E. coli zikaongezwa. Mbali na hilo, majimbo mengi hayahitaji uthibitishe uzembe: ukionyesha nyama ilikuwa na kasoro na ndiyo iliyokufanya uugue, mtengenezaji anawajibika. Duka nalo linaweza kushtakiwa, ingawa baadhi ya majimbo humkinga muuzaji ambaye hakuichezea bidhaa.

Kesi ya salmonela, bakteria mwingine, ni ngumu zaidi. Katika nyama mbichi ya ng'ombe ya kusaga haijawekwa kundi moja na O157:H7, yaani kuwepo kwake peke yake hakuifanyi nyama ihesabiwe kuwa imechafuliwa. Unaweza kudai, ila jiandae kwa mabishano.

Hatua ya 5: Wakili

Tafuta aliyewahi kushika kesi za chakula. Wa ajali za magari tu, mpite. Wengi hawachukui hela mwanzoni, hulipwa asilimia ya fidia, kwa kawaida kati ya 33 na 40. Soma mkataba: asilimia hiyo inakatwa kabla ya gharama za kesi au baada? Tofauti yake si ya senti. Pia bima iliyolipa hospitali inaweza kudai irudishiwe chake kutoka kwenye fidia, kwa hiyo uliza utabaki na ngapi mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi sina karatasi za kuishi Marekani. Naweza kushtaki?

Jibu: Ndiyo, mahakama za madai hazimfungii mtu mlango kwa sababu ya karatasi. Ugumu unaweza kuja ukidai mshahara uliopotea. Mwambie wakili wako ukweli siku ya kwanza, yaliyosemwa kwake ni siri.

Swali: Watasema sikuipika vizuri. Nitajibu nini?

Jibu: Ni kweli watasema hivyo, ni hoja yao ya miaka yote. Nyama ya kusaga inatakiwa kufika nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Kama hukufikisha, fidia inaweza kupunguzwa katika majimbo mengi, na machache hukunyima kabisa. Lakini kampuni haikuruhusiwa kuuza nyama yenye O157:H7 hata kama mpishi wako ni hodari. Usidanganye kuhusu mapishi.

Swali: Kampuni imenipigia, wananirudishia hela ya nyama na vocha. Nipokee?

Jibu: Dada, usisaini chochote. Karatasi hizo mara nyingi zina kipengele cha kuachilia madai yote. Hela ya pakiti moja ikuzuie kudai gharama za figo?

Swali: Mwanangu alikula shuleni, shule ya serikali. Nina muda gani?

Jibu: Pole sana, mama. Usingoje. Kwa kampuni binafsi, majimbo mengi hutoa miaka miwili au mitatu, na kwa mtoto muda mara nyingi husimama hadi awe mtu mzima. Taasisi ya serikali ni tofauti: unaweza kutakiwa utoe notisi ndani ya miezi michache. California ni miezi sita, New York siku 90. Na fidia ya mtoto kwa kawaida lazima iidhinishwe na jaji, kwa hiyo mtu akikuharakisha mmalizane kimyakimya, kataa.

Swali: Niliharisha siku mbili nikapona, sikupimwa. Kuna kesi?

Jibu: Mkuu, hapana. Bila kipimo mawakili wengi watakukatalia kwenye simu. Ila kama nyama iko bado kwenye friza, waarifu idara ya afya, huenda ikamsaidia mgonjwa mwingine aliyepimwa.