Somo: Kushuka vilima vya Kondoa kwa baiskeli

Wakuu, kila nikitaja safari ya Kolo hadi Pahi naulizwa habari za kupanda: gia ngapi, pumzi je, mtu wa miaka hamsini ataweza? Mlima ukikushinda unashuka, unaikokota baiskeli, na njia ile wakokotaji ni wengi, hakuna wa kukucheka. Wanaorudi na magoti yamechunika wameumia kwenye mteremko. Kwa hiyo habari za kupanda naziacha, hapa ni kushuka.

Hatua ya 1: Baiskeli. Phoenix ya breki za vyuma inafika, mimi nilianza nayo. Kagua raba za breki, zote, mbele na nyuma. Safari yangu ya kwanza za nyuma zilikuwa zimekwisha, nikajipa moyo kwamba za mbele zitatosha. Mteremko wa pili nikachagua kujitupa kwenye kichaka cha miiba, maana upande wa pili palikuwa na korongo. Miiba niliitoa siku mbili.

Hatua ya 2: Wakati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Mimi huenda Mei au Juni, ardhi ikiwa bado imeshikana na vumbi halijawa unga. Toka saa 12 asubuhi. Mchana kuna jua, na upepo wa huku mnaujua.

Hatua ya 3: Njia. Kutoka Kondoa mjini hadi Kolo ni lami, barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati. Mabasi yanapita kasi, kaa pembeni. Kolo unaiacha lami na kushika njia ya vumbi upande wa mashariki, kuelekea Pahi. Ukitaka kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, pitia kwanza ofisi ya michoro hiyo hapo Kolo upewe mwongozaji. Na tafadhali, usiimwagie maji ili itoke vizuri kwenye picha. Wapo waliofanya hivyo na wameiharibu.

Hatua ya 4: Kushuka. Hapa tutulie.

Mwendo unapunguzwa kabla ya kona. Ukiingia nao ndani halafu ubane breki kwenye changarawe, gurudumu linajifunga na kuteleza, na wewe unalifuata. Tumia breki zote mbili. Ya mbele ina nguvu zaidi kwa kuwa uzito unaelemea mbele, lakini kwenye mchanga ndiyo inayokuangusha. Bana, achia, bana, achia. Makalio yarudi nyuma ya kiti, viwiko vilegee, pedeli ziwe sawasawa zisigonge mawe.

Mteremko ukiwa mrefu, simama katikati. Rimu inapata moto kwa kusuguliwa, na kiraka chako cha jana kinaweza kubanduka.

Shika kushoto hata kama hujakutana na mtu tangu asubuhi. Kwenye kona usiyoona mbele, piga kengele na usikilize. Lori la mahindi utalisikia mapema. Wa kuogopa ni bodaboda anayeteremka amezima injini kuokoa mafuta, huyo humsikii mpaka mmeonana uso kwa uso.

Chini ya kila mteremko tegemea mchanga. Ni udongo wa vilima hivi hivi. Wazee wanakumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka mwaka 1979. Miti imerudi sehemu nyingi, lakini mchanga uliokwisha kushuka uko makorongoni bado. Ukiufikia, nyoosha usukani, usikate kona, usibane breki ya mbele. Ukizama, shuka.

Hatua ya 5: Pancha. Mbigiri hazina huruma. Beba pampu, solesheni, viraka na tyubu moja ya akiba. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba. Wengi wanaziba tundu na kuuacha mwiba palepale.

MASWALI

Mwanachama, Kondoa: Mkuu, mimi nabeba gunia la alizeti kwenye keria. Nashukaje?
Jibu: Kwa miguu, kaka. Mzigo ule unakusukuma na breki za rimu haziuwezi. Tembea ubavuni mwa baiskeli, upande wa mlima, usikae upande wa korongo.

Mwanachama, Dodoma mjini: Shikamoo. Mwanamke peke yake anaweza? Nalala wapi giza likinikuta?
Jibu: Marahaba. Fika kijijini kabla jua halijazama, uliza nyumba ya mwenyekiti au ofisi ya mtendaji, ujitambulishe.
Mwanachama mwingine: Dada, mimi nimeenda mara mbili. Vaa suruali ndani ya gauni, gauni peke yake cheni inalila. Kina mama kisimani ndio watakaokuelekeza njia, wanaume watakwambia "ni hapo tu".

Mwanachama, Mpwapwa: Huku kwetu milima ya Rubeho ikinyesha, breki hazishiki kabisa.
Jibu: Rimu ikilowa lazima uifute kwanza: bana kidogo kidogo mapema, kabla hujazihitaji. Na udongo mwekundu ukijaa kwenye madigadi gurudumu halizunguki. Tembea na kijiti cha kuukwangua.

Mwanachama, Kondoa: Ng'ombe wakiziba njia?
Jibu: Simama, shuka, kaa upande wa mlima. Kengele usipige. Msalimie mchungaji, yeye ndiye atakayewapitisha.